Dashibodi ya klasta kwenye laptopu, bila kuwafungulia mlango wenzako wa Wi-Fi

Haya ni kwa anayejifunza Kubernetes, mfumo wa kuendesha na kusimamia programu kwenye kundi la mashine (klasta), kwenye mashine yake mwenyewe, awe Sinza au Kigamboni. Docker (inayoendesha programu ndani ya kontena), kubectl (ya kuiamuru klasta) na Minikube (inayowasha klasta ndogo kwenye laptopu) viwe vimeshawekwa. RAM ya gigabaiti 8 inatosha, 4 itakutesa.

1. Washa klasta

```
minikube start --driver=docker --memory=4096
```

Mara ya kwanza inashusha mzigo unaokaribia gigabaiti 1, kwa hiyo ngoja bando la usiku au Wi-Fi ya ofisini. Ukimaliza kazi zima kwa `minikube stop`. Usizoee `minikube delete`, inafuta kila ulichopanga humo. Umeme ukikatika ghafla, amri ileile ya kuwasha itaiamsha.

2. Weka dashibodi

Dashibodi ni ukurasa wa kivinjari unaokuonyesha yaliyomo kwenye klasta. Maelekezo mengi ya zamani yanakupeleka kwenye Kubernetes Dashboard. Achana nayo. Mradi ule umefungwa, hauendelezwi tena, na nyaraka za Kubernetes zenyewe sasa zinapendekeza Headlamp.

```
minikube addons enable headlamp
minikube addons enable metrics-server
```

Amri ya pili ndiyo inayoleta matumizi ya CPU na memori. Usipoiweka, podi (programu zinazoendeshwa kwenye klasta) utaziona lakini hutajua ipi inakula mashine.

3. Ifungue

```
kubectl port-forward -n headlamp service/headlamp 8080:80
```

Terminali hiyo iache wazi, kisha nenda `http://localhost:8080`. Utaombwa tokeni, yaani msimbo wa kuingilia unaotumika kama nywila.

4. Tokeni

Hapa ndipo watu wanapoharakisha. Njia ya mkato ni kuchukua tokeni ya akaunti ya Headlamp yenyewe, na akaunti hiyo ina mamlaka ya cluster-admin: mwenye nayo anasoma siri zote (Secrets, yaani nywila na funguo zilizohifadhiwa kwenye klasta), anafuta na kuendesha anachotaka. Kwa kuangalia tu, hizo ni funguo za nyumba nzima kwa mgeni aliyeomba maji ya kunywa. Fungua akaunti ya mtazamaji:

```
kubectl create serviceaccount mtazamaji -n headlamp
kubectl create clusterrolebinding mtazamaji --clusterrole=view --serviceaccount=headlamp:mtazamaji
kubectl create token mtazamaji -n headlamp --duration=8h
```

Bandika tokeni uliyopewa, umeingia. Ruhusa ya `view` haifiki kwenye Secrets, na nodi (mashine zinazounda klasta) pia haizioni. Kwa hiyo ukurasa wa nodi ukikugomea, usihangaike kutafuta hitilafu, ndivyo ilivyokusudiwa. Saa 8 zikiisha, rudia amri ya mwisho tu.

5. Mwenzako akitaka kuona

Atakayekushauri uongeze `--address 0.0.0.0` kwenye hatua ya 3 anakutakia mabaya, hata kama hajui. Dashibodi itaonekana kwa kila aliyeunganishwa kwenye Wi-Fi hiyo, na kwa kuwa hii ni HTTP tupu, tokeni yako itapita hewani bila kufichwa. Tesla wenyewe yaliwakuta: mwaka 2018 watafiti wa usalama walikuta konsoli yao ya Kubernetes ikiwa mtandaoni bila nywila, na wavamizi wameshaigeuza shamba la kuchimba sarafu za kidijitali.

Kama klasta iko kwenye mashine ya ofisi inayopokea ssh (njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali kwa mawasiliano yaliyofichwa), amri ya `port-forward` ya hatua ya 3 ibaki ikiendelea huko, naye kwenye laptopu yake apige:

```
ssh -L 8080:localhost:8080 jina@anwani-ya-mashine
```

Kisha afungue `localhost:8080` kwake, na umpe tokeni ya mtazamaji.