Mradi mmoja, haki na amani: usizitenge

Kwenye miradi mingi ya kutatua migogoro utakuta watu wa haki za binadamu wana meza yao na watu wa amani wana yao, ugomvi ni uleule, ila wa haki wanataka mkosaji atajwe jina na wa amani wanaogopa akitajwa tu hatarudi kwenye mazungumzo. Wote wana hoja, shida wanakutana mambo yakishaharibika.

So kabla hata ya bajeti, chambueni mgogoro pamoja. Chukua mfano wa kisima cha mradi kinachotumiwa na jamii mbili zinazogombana. Mtu wa amani aulize nini kinawagawa hawa watu na nini bado kinawaunganisha, labda maji wanachota pamoja bila shida ila kwenye malisho ndo wanashikana mashati. Mtu wa haki aulize nani ananyimwa maji na nani ana wajibu wa kumpatia. Majibu yote yakae karatasi moja. Halafu uliza kaswali kadogo: ufunguo wa pampu anao nani? Nilishaona kamati ya kisima nzuri kabisa kwenye ripoti, wajumbe watatu kila upande, kumbe ufunguo uko upande mmoja na wenzao wakija jioni wanaambiwa mwenye ufunguo katoka. Hapo mmeleta ugomvi mpya kwa hela ya mfadhili!

Ushuhuda wa waathirika usiuchukue kama hujui utaupeleka wapi, na mueleze mtu hatari yake kabla hujafungua daftari. Na usimkalishe na aliyemtesa eti kwa sababu ratiba inasema leo ni siku ya usuluhishi.

Suala la msamaha, yaani wakosaji wasishtakiwe ili vita viishe, ndo gumu. Sierra Leone, mkataba wa amani wa Lomé wa 1999 kati ya serikali na waasi uliwasamehe wapiganaji wote, mwakilishi wa UN akasaini ila akaandika pembeni kwamba kwao msamaha hauhusu mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita wala uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mi naipenda hiyo, unabaki mezani bila kumeza kila kitu.

Mfadhili akisema mradi wa amani usiguse haki, mtolee azimio 2282 la Baraza la Usalama la UN la 2016, linasema wazi maendeleo, amani na haki za binadamu vinategemeana.

Kwenye kupima matokeo, idadi ya vikao achana nayo. Nenda pale kisimani jioni, bila gari la mradi, uone yule aliyekuwa anarudishwa kama leo anachota.