Harufu ya mdomo na meno ya njano: hatua za kwenda nazo kwa daktari wa meno (wa Tanga na kwingineko)

Mimi ni msaidizi kwenye kliniki ya meno hapa Tanga, na siku hizi namsindikiza mtoto wa dada yangu anayejiandaa na harusi. Maswali anayoniuliza ni yaleyale ninayoulizwa na watu wa Ngamiani, Makorora mpaka Chumbageni, nikaona bora niyaandike yote sehemu moja.

Jambo la kwanza: usianze na weupe. Mtu anakuja anasema nataka meno yang'ae, ukimwangalia fizi zinatoka damu na mdomo unanuka, na dawa ya kung'arisha haitibu harufu, tena ikiingia kwenye jino lililotoboka utalia. Utaratibu ni harufu, ukoga, kuziba, ndio weupe. Kama ni harusi anza miezi mitatu kabla, usingoje wiki ya singo.

Hatua ya 1: Jiandae kabla ya miadi

Siku mbili kabla acha kitunguu swaumu na viungo vikali. Asubuhi ya miadi usipige mswaki, usisukutue na dawa yoyote, usile pipi ya minti na usijipulizie manukato wala kujifukiza udi. Najua inatia aibu lakini daktari lazima ainuse harufu yenyewe, ukienda umejisafisha anakukuta huna kitu na kesho yake nyumbani hali ileile. Andika na dawa zote unazomeza, maana dawa nyingi za presha, za mzio na za msongo wa mawazo zinakausha mate, na mdomo mkavu unanuka.

Hatua ya 2: Ijulikane harufu inatoka wapi

Daktari atakwambia upumue kwa mdomo akunuse, halafu ufunge mdomo upumue kwa pua. Ya mdomo ikinuka na ya pua haina kitu, tatizo liko mdomoni, na walio wengi sana wako hapa. Ikinuka ya pua peke yake utapelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Zikinuka zote mbili hapo ndio wanaanza kuangalia sukari, figo, ini, mapafu.

Mtaani kila harufu inaitwa ya tumbo, watu wanameza dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo mwaka mzima na harufu ipo palepale. Tumbo kuwa chanzo ni nadra jamani. Harufu inatengenezwa na bakteria wanaokula mabaki ya chakula na seli zilizokufa, wanatoa gesi za salfa, na makao yao makubwa ni nyuma kabisa ya ulimi na chini ya fizi.

Nyumbani pitisha uzi wa meno kila nafasi, unuse kila mara. Uzi ukinuka sana sehemu moja tu, mwonyeshe daktari sehemu hiyo, mara nyingi pana jino limetoboka au kuna chakula kinanasa chini ya kofia ya jino (kifuniko cha bandia). Wenye tonsili kubwa wanaotema vijiwe vyeupe vinavyonuka nao waseme.

Hatua ya 3: Ulimi

Kwangua kuanzia nyuma kuja mbele kila asubuhi, na Ramadhani fanya pia baada ya daku. Kikwanguo cha bati au plastiki, hata kijiko kinatosha. Mswaki unasukuma tu ule utando, kikwanguo kinautoa.

Hatua ya 4: Kukwangua ukoga (hapa soma taratibu)

Hapa ndipo watu wanapokimbia na ndipo ninapotumia muda mwingi kumwelewesha mtu akiwa ameshakaa kwenye kiti, kwa hiyo nitaeleza yote.

Ukoga ukishakuwa mgumu mswaki hautoi, hata upige nusu saa, hata uweke magadi. Unatolewa kwa mashine inayotetemeka huku ikirusha maji, au kwa vyuma vya mkono. Unasikia kelele na baridi, mwenye fizi zilizovimba atasikia maumivu kidogo na damu itatoka. Damu hiyo inatoka kwa sababu fizi ni mgonjwa, daktari hajakukata.

Sasa malalamiko matatu. La kwanza, "wamenilegeza meno". Ukoga mwingi ulikuwa umeyashikanisha meno kama zege, na mfupa chini ulishaliwa na ugonjwa wa fizi, ukitolewa ndio unaliona jino jinsi lilivyokuwa linacheza, na ukiuacha mfupa unaendelea kuliwa mpaka jino linadondoka lenyewe. La pili, "meno yameachana". Mapengo yalikuwepo, yalizibwa na ukoga, na fizi zilizovimba zimenywea. La tatu, "wamekwangua mpaka ngozi ya jino, maji baridi yananichoma". Sehemu za mzizi zilizokuwa zimefunikwa zimeachwa wazi, maumivu ya namna hiyo kwa wengi yanapungua ndani ya siku chache au wiki chache, tumia dawa ya mswaki ya meno yenye hisia kali, ipake usiku na usisukutue.

Kama daktari akipima na kuona mifuko chini ya fizi (nafasi kati ya fizi na jino) imeenda ndani, usafishaji wa mara moja hautoshi. Utachomwa sindano ya ganzi na kusafishwa chini ya fizi, pengine upande mmoja leo na mwingine siku nyingine, halafu unarudi baada ya wiki kadhaa kupimwa tena. Watu wanakata tamaa hapa, harufu ikipungua hawarudi. Rudini. Na kabla hujakaa kwenye kiti sema kama unakunywa dawa za kufanya damu isigande, una ugonjwa wa valvu za moyo, una sukari, au ni mjamzito. Mjamzito anasafishwa bila shida, ila daktari ajue.

Ukipewa dawa ya kusukutua ya klorheksidini, tumia kwa siku ulizoambiwa tu, ukiendelea wiki nyingi inaacha rangi ya kahawia kwenye meno na utadhani umerudi nyuma.

Bei inatofautiana kati ya hospitali ya serikali kama Bombo na kliniki binafsi, uliza kwanza, na mwenye bima aulize inalipia nini.

Hatua ya 5: Kuziba

Yaliyotoboka yazibwe, yasiyofaa yang'olewe.

Hatua ya 6: Kung'arisha

Baada ya ukoga kutoka wengi wanakuta meno ni meupe ya kutosha, uchafu wa chai ya rangi na kahawa chungu unaondoka hapohapo. Kama bado unataka, mimi nashauri trei za nyumbani kuliko ile ya taa ya kumaliza siku moja. Taa yenyewe haiongezi kitu cha maana, dawa ndio inafanya kazi, na weupe unaouona ukitoka pale sehemu yake ni jino kukauka, siku chache unashuka.

Kwa trei, daktari anachukua alama ya meno yako, inatengenezwa plastiki nyembamba inayokaa sawasawa kwenye meno yako. Unaweka tone dogo la jeli kila jino, kawaida ni kabamaidi peroksaidi asilimia 10, unalala nayo, kama wiki mbili hivi. Jeli ikimwagikia kwenye fizi futa, inaunguza. Meno yakianza kuuma ruka siku moja au mbili. Kipindi hicho kaa mbali na chai kavu, kahawa, bizari na tambuu. Tambuu kwa kweli iache kabisa, popoo peke yake hata bila tumbaku inasababisha saratani ya mdomo.

Mjamzito, anayenyonyesha na aliye chini ya miaka 18 wasubiri.

Vitu visivyobadilika rangi: meno ya bandia, kofia, na sehemu zilizozibwa. Ndio maana jino la mbele linalotaka kuzibwa kwa sababu ya muonekano tu lisubiri wiki mbili baada ya kung'arisha, lifananishwe na rangi mpya. Jino moja jeusi lililowahi kupigwa mara nyingi linatibiwa kwa ndani ya jino lenyewe. Na waliokulia Arusha, Meru na kule kwenye maji yenye floraidi nyingi, yale madoa ya kahawia yaliingia jino likiwa linaumbwa utotoni, jeli peke yake haiyamalizi, zungumza na daktari kuhusu njia nyingine.

Unga wa mkaa na limau ya kusugua, hapana. Vinakula ngozi ngumu ya jino na ngozi hiyo haioti tena, ikiisha kinachoonekana chini yake ni njano zaidi.

Hatua ya 7: Kila siku

Mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, tema usisukutue na maji. Mswaki wa mti ni mzuri, endelea nao, ila usiache dawa yenye floraidi. Uzi wa meno usiku. Miezi sita rudi kwa daktari, na trei zako zitunze, ukitaka kurudia weupe mwakani unanunua jeli tu.