Kushusha volti 12 za betri ya mtumbwi mpaka 5 za simu bila kuunguza kitu

Juzi dogo mmoja mvuvi wa dagaa wa Igombe kaniletea simu imekufa kabisa, alikuwa anaichajia kwenye betri ya taa za mtumbwi kwa bodi aliyofunga mwenyewe. Simcheki, mi mwenyewe nilishaunguza redio ya mzee kwa kosa hilohilo.

1. Nunua bodi ya LM2596, kabodi kadogo ka kushusha volti. Achana na 7805 jamani, ile chipu nyingine ya kushushia volti, ile ikishusha 12 kwenda 5 kwa ampia 1 inachoma wati 7 ziwe joto wakati simu inapata 5 tu. LM2596 inakata na kuwasha umeme mara 150,000 kwa sekunde, koili na kapasita zinaulainisha, swichi yake ikipitisha umeme kwa muda mfupi zaidi volti zinazotoka zinapungua. Joto lipo, ila dogo.

2. Betri kwenye IN (pa kuingizia umeme), na fyuzi.

3. Hapa sasa, SIMU IKAE MBALI. Weka mita kwenye OUT (pa kutolea umeme) kwanza, maana bodi ikitoka dukani skrubu ya kurekebishia volti inaweza kuwa popote, mara nyingi inatoa karibu zilezile 12 zinazoingia, ndo zilizoua simu ya dogo. Kale kaboksi ka bluu zungusha skrubu yake kinyume na saa. Mi siku ya kwanza nilizungusha mara tano mita imeganda, nikajua bodi mbovu, nikapanda daladala kurudi mjini kubadilisha, nayo ya pili vilevile, siku imeisha hivyo. Kumbe ni ya mizunguko mingi, unaweza zungusha 10 hata 15 hamna kitu halafu ghafla inaanza kushuka, hapo nenda robo robo mpaka 5.1. Na mita yenyewe iwe na betri nzima, ikiisha inadanganya. Ukimaliza dondoshea skrubu rangi ya kucha, mtetemo wa injini unailegeza.

4. Jaribu na glopu ya indiketa, volti zisishuke sana.

5. Solda soketi ya USB, funga kwenye kopo maji yasiingie. Wameandika ampia 3, mi bila hitsinki (chuma cha kupoozea) sivuki 2.

Dogo alipopima akaona simu zinakula ampia 2 ila betri inatoa kama 1 tu, akaniambia bro mita yako mbovu. Sio mbovu: 5 mara 2 ni wati 10, ongeza zinazopotea zinafika kama 12, gawa kwa volti 12 za betri, ndo ampia 1.