Kabla lakiri ya mlango wa kontena haijafungwa: mambo ya kuzingatia unaposafirisha vyakula vya pakiti kwa meli

Kabla ya kuuliza nauli ya kontena, angalia tarehe iliyopigwa kwenye pakiti. Wanunuzi wengi wa jumla hukataa mzigo uliobakiza chini ya theluthi mbili ya muda wake wa matumizi. Biskuti za miezi 9, kwa hiyo, zina siku 90 tu za kutoka tanuri hadi ghala la mnunuzi, na humo zimo siku za kusubiri meli, za baharini, za kuhamishwa bandari ya katikati na za forodha. Ratiba ikisema siku 30 baharini, hesabu 45. Meli nyingi zilipoacha njia ya Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari za Asia na Ulaya ziliongezeka siku 10 hivi au zaidi, na aliyekuwa amepiga hesabu kwa kubana akafikisha bidhaa isiyouzika.

Lebo ndiyo inayofuata, na mchoro wake umfikie mwagizaji kabla haujaenda kwa mchapaji. Sheria inayotawala ni ya nchi inayopokea. Marekani ina vyakula 9 vya mzio ambavyo lazima vitajwe, na ufuta uliingia humo tarehe 1 Januari 2023. Umoja wa Ulaya una 14, na ndani ya orodha ya viambato vinatakiwa vionekane tofauti na maneno mengine, kwa mfano kwa wino mzito. Tarehe iandike mwezi kwa herufi, kwa kuwa 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine. Kinachowaponza wengi ni viambato vya mnyama: maziwa ya unga, mayai, asali, mchuzi wa nyama. Hata vikiwa kidogo ndani ya pakiti, vinaweza kudai cheti cha afya cha serikali, au kukatazwa kabisa kutokana na nchi vinakotoka. Mwagizaji akikuambia hakuna shida, akuandikie.

Kwa mzigo wa Marekani, kiwanda kisajiliwe kwanza na mamlaka ya chakula na dawa, FDA, na usajili uhuishwe kati ya Oktoba na Desemba ya kila mwaka wa shufwa. Taarifa ya awali ya chakula iwafikie si chini ya saa 8 kabla meli haijafika, na taarifa ya usalama ya mwagizaji iwafikie forodha saa 24 kabla kontena halijapakiwa melini. Vyakula vya makopo visivyo na asidi ya kutosha vina usajili wao wa ziada wa jinsi vinavyopikwa. Huo usiuache hadi wiki ya mwisho.

Sasa kontena lenyewe. Likiletwa, ingia ndani, mwenzako afunge milango, ukae gizani dakika moja au mbili. Nuru ikipenya mahali, hata kwenye tundu la sindano, maji ya chumvi nayo yatapenya. Ukiwa humo humo nusa: harufu ya sabuni, ngozi au dawa ya wadudu husikika vizuri milango ikiwa imefungwa, na chai au unga utainywa yote njiani. Pitisha kiganja kwenye mpira wa milango, kagua mbao za sakafu kama zina unyevu au mafuta. Likiwa na kasoro, likatae hapo hapo. Ukishapakia, lawama ni yako. Ukichangia kontena na wengine, ukaguzi huu huna, na jirani yako anaweza kuwa mwenye katoni za sabuni. Kwa chakula kinachoshika harufu ni afadhali kontena dogo lako peke yako.

Unyevu huharibu kuliko mawimbi. Katoni na paleti za mbao, yaani majukwaa ya kupangia katoni, zina maji ndani yake. Jua la mchana huyatoa yakawa mvuke, usiku paa la chuma hupoa, mvuke hugeuka matone na kudondoka juu ya safu ya kwanza. Mabaharia huiita mvua ya kontena. Tumia paleti zilizokauka, usipakie mvua ikinyesha, ning'iniza mifuko ya kinyonya unyevu kwenye mifereji ya kuta, na funika safu ya juu kwa karatasi nzito. Nailoni ikizungushwa pande zote huufungia mvuke ndani. Katoni iliyolowa hewa yenye unyevu mwingi inaweza kupoteza nusu ya nguvu yake, na nguvu hiyo iko kwenye pembe: panga pembe juu ya pembe, na katoni isichungulie nje ya paleti.

Paleti, na hata kipande cha mbao cha kuzuia mzigo usiteleze, viwe na muhuri wa HT, yaani mbao zilizopashwa joto la 56°C hadi kiini kwa dakika 30. Ubao mmoja wa kuokota usio na muhuri unatosha kuzuia kontena zima.

Mfano wa upakiaji: katoni ya sentimita 40 × 30 × 25 huingia 10 kwa safu kwenye paleti ya mita 1.2 × 1. Safu 8 ni katoni 80, na kontena la futi 20 huchukua paleti 10, yaani katoni 800. Bila paleti zinaingia zaidi ya 880, ila kushusha kwa mikono huchukua saa nyingi na pembe huumia. Uzito uliopimwa na kuthibitishwa ni wa lazima tangu 1 Julai 2016. Bila huo kontena halipandi melini.

Chokoleti na vyenye mafuta mengi ni habari nyingine. Kontena la kawaida lililoachwa juani linaweza kupita 50°C ndani. Kontena la baridi nalo hutunza ubaridi, halipozi mzigo wa moto, hivyo poza kwanza. Kwenye maagizo andika +16°C pamoja na alama ya kujumlisha. Alama ikikosewa, utapokea chokoleti iliyoganda.

Bima ya kawaida huwa asilimia 110 ya thamani pamoja na nauli, lakini hata ile pana hailipi ucheleweshaji wala ufungashaji mbovu. Hata hivyo ikate: meli ya kontena Ever Given ilipokwama kwenye mfereji wa Suez mwaka 2021, hata wenye mizigo ambayo haikuharibika walidaiwa dhamana ya mchango wa hasara ya pamoja, yaani gharama za kuokoa meli wanazogawana wenye meli na wenye mizigo, ndipo wakabidhiwe mali yao.

Jina la bidhaa, idadi na uzito vilingane neno kwa neno kwenye ankara, orodha ya vifurushi, cheti na hati ya shehena. Mwisho piga picha nne: kontena likiwa tupu, nusu, limejaa, na milango imefungwa namba ya lakiri ikisomeka, kisha linganisha namba hiyo na iliyo kwenye hati kabla lori halijaondoka.