Namna ya kuunda mhusika mwovu asiyesahaulika

Mwandishi wa filamu anayeishi Moshi hana haja ya kuazima jambazi wa Marekani mwenye bunduki na koti jeusi. Aanze na kile ambacho mwovu wake anakitaka, kisha ampe sababu ambayo mtazamaji, hata akiichukia, ataielewa. Tuseme ni kaka mkubwa wa Kibosho anayeamini kwamba kihamba, yaani shamba la ukoo, ni haki yake, kwa kuwa ndiye aliyebaki nyumbani kumuuguza baba wakati wadogo zake wakitafuta maisha Arusha. Hoja yake ina uzito, na hapo ndipo tunapoanza kumwogopa.

Tendo moja lililochaguliwa vizuri hutisha kuliko kurasa kumi za vitisho. Kwa Wachaga, isale ni mmea wa kuombea msamaha na pia wa kuweka mpaka wa shamba. Basi mwonyeshe kaka huyo mchana akimkabidhi mdogo wake jani la isale kwa mikono miwili, halafu usiku, kwa tochi ya simu, aking'oa masale ya mpakani na kuyapanda hatua tatu mbele, huku akiushindilia udongo kwa kisigino, taratibu, kama mtu anayepanda maua.

Sauti nayo isipuuzwe. Darth Vader, mwovu wa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, alichezwa na David Prowse, lakini sauti tunayoikumbuka ni ya James Earl Jones. Kicheko kirefu cha kishetani, ambacho filamu zetu zinakipenda mno, kiachwe; asubuhi inayofuata kaka amwamkie mama yake kwa upole uleule wa siku zote, udongo ukiwa bado kwenye kucha.