Kupima usafi wa mikono na mazingira maabara: pleti tupu isikudanganye

Naandika hii baada ya kumwelekeza mwanafunzi wa fildi, maana kila pleti (kisahani cha kuoteshea bakteria) ya "baada ya sanitaiza" ilitoka tupu kabisa na yeye akashangilia. Pole pole kwanza.

1. Midia, yaani chakula cha kuoteshea bakteria. Nyutrienti aga fuata kipimo cha kwenye kopo, otoklevu (chungu cha mvuke wa kuua vijidudu) 121°C dakika 15, mimina ikipoa kufika 45-50°C.

Ila kabla ya otoklevu, weka kitu cha kuua nguvu ya dawa. Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu iliyomo kwenye baadhi ya sanitaiza, inabaki kwenye ngozi, sasa ukigusa aga na vidole dawa inahamia huko na kuwazuia bakteria wasiote, kwa hiyo wamezuiwa kwenye pleti wakati mkononi bado wapo. Mi naweka lesithini gramu 0.7 na Tween 80 gramu 5 kwa lita. Kama unapima sehemu iliyofutwa na Jik, tumia sodiamu thayosalfeti, hiyo ndiyo inamaliza klorini. Halafu usiamini tu, hakikisha: chukua bakteria unaowajua, wapande kwenye aga yenye lesithini na Tween na kwenye aga ya kawaida, hesabu zikikaribiana ujue midia yako yenyewe haiui. Rudia ukiwa umeweka na dawa kidogo, wakiota vizuri hapo sawa. Sanitaiza ya alkoholi tupu haisumbui hivyo, subiri tu mikono ikauke.

2. Vidole. Gusa kabla, nawa kwa sabuni sekunde 40-60 (sanitaiza 20-30, ndivyo WHO wanavyosema), kausha kwa tishu, gusa tena. Tishu, sio taulo la wote na sio koti la maabara! Kila hatua pleti yake, siipendi kabisa ile ya kugawa pleti moja vipande vinne, makoloni (vidoa vya bakteria walioota) yanaingiliana. Na usishtuke ukiona baada ya sabuni makoloni yameongezeka, kusugua kunalegeza wakazi wa kawaida wa ngozi kama Staphylococcus epidermidis, sabuni haina kosa. Ndio maana naongeza aga ya manito solti kwa ajili ya S. aureus (manjano) na aga ya MacConkey kwa E. coli (pinki), wale wa kuokota kwa kugusa vitu, sio wakazi wa ngozi, ndio tunaowatafuta. Koloni ya rangi hiyo ni dalili tu, bado utaithibitisha.

3. Mazingira. Swabu iliyoloweshwa kwenye salaini safi, sm 10 kwa 10. Kitasa, bomba, simu yako. Hewa: pleti wazi saa 1, mita 1 kutoka sakafuni na mita 1 kutoka ukutani. Acha na moja isiyofunguliwa, ikiota kitu hiyo, matokeo yote ya siku hiyo tupa.

4. Inkubeta 37°C, saa 24-48, pleti kichwa chini. Zifunge kwa tepu, hesabu kupitia kitako bila kufungua, kisha otoklevu ndio zitupwe.