Kuchagua programu ya picha zinazocheza na muziki: anza na ngoma yako, si na orodha ya programu

Mtu akiniuliza atumie programu gani, humrudishia swali: utapigiwa muziki gani, na picha zitaonekana wapi? Programu hizi karibu zote zinafanya kazi moja. Zinapokea sauti, zinaichambua kwa masafa (kuanzia sauti nzito za besi hadi nyembamba), zinapata namba, kisha namba hizo zinasukuma umbo, rangi au mwendo wa picha. Zinapotofautiana sana ni kwenye uhuru unaopewa wa kuzitawala namba zenyewe. Mifano yangu naitoa kwenye singeli na taarabu, kwa sababu programu inayoweza zote mbili haitakusumbua kwenye bongo fleva.

Hatua ya 1: Jukwaani au video?

Kama unatengeneza video ya kupandisha YouTube, achana na programu za jukwaani. Chukua Blender, ni ya bure. Inasoma faili zima la wimbo na kuligeuza kuwa mchoro wa mwendo. Unachagua masafa yaanzie wapi yaishie wapi, kisha unaunganisha mchoro huo na ukubwa wa mpira, ukali wa taa, chochote. Laptopu dhaifu inaweza kukesha ikitoa video ya dakika nne, lakini kila fremu, yaani kila picha moja ya video, itakaa pale sauti ilipo. After Effects nayo inaweza, ila ni ya kulipia kila mwezi. Ukiwa upande huu, ruka hadi hatua ya 4.

Jukwaani hakuna kukesha. Picha itoke sasa hivi, mara 60 kwa sekunde ikiwezekana, na kompyuta isigande.

Hatua ya 2: Tafuta njia ya sauti kabla ya programu

Hapa ndipo wengi wanapokwama, halafu lawama wanaipa programu. Maikrofoni ya laptopu inatosha kujifunzia chumbani. Ukumbini itasikia kelele za watu, feni na mwangwi wa ukuta, na picha zitacheza hata DJ akinyamaza.

Mwombe fundi mitambo akupe waya kutoka kwenye miksa, kwenye tundu la kurekodia au lolote la ziada. Usiuchomeke moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni la laptopu. Tundu lile, hata likikubali sauti kuingia, linategemea sauti dhaifu ya maikrofoni. Ya miksa ni kubwa mno, itapasuka, na programu itaona besi imejaa muda wote. Nunua kadi ya sauti ya USB yenye tundu la kupokea sauti ya miksa. Hata ya bei nafuu inafaa, kwa kuwa hapa huhitaji sauti tamu, unahitaji namba safi.

Kama muziki unapigwa kwenye laptopu hiyohiyo, huhitaji waya. Programu za BlackHole kwenye Mac na VB-Cable kwenye Windows zinachukua sauti inayotoka na kuirudisha ndani kama inatoka nje.

Hatua ya 3: Zijue nne tu

*projectM.* Ni ya bure, na ni mrithi wa MilkDrop, ile iliyokuwa ikichezea ndani ya Winamp tangu 2001. Unaifungua, inasikiliza, inacheza, na mitindo iliyotengenezwa na watu ni maelfu. Kwa sherehe ya nyumbani sioni sababu ya kutafuta nyingine. Lakini ukitaka jina la bendi litokee kwenye kiitikio, hapo umefika mwisho wake.

*Hydra.* Ya Olivia Jack, inakaa ndani ya kivinjari, huhitaji kusakinisha kitu. Unaandika msimbo mfupi na picha inabadilika hapohapo. Ifungue, iruhusu kutumia maikrofoni, andika hivi, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Enter:

```
a.show()
a.setBins(4)
a.setSmooth(0.4)
shape(4).scale(() => 1 + a.fft[0] * 2).out()
```

Mraba utavimba kila besi inapogonga. Kwenye `a.fft`, 0 ni masafa ya chini na 3 ni ya juu. Hata kama hutaitumia jukwaani, jifunzie hapa. Utaelewa programu nyingine zote zinafanya nini chini chini.

*TouchDesigner.* Ndiyo yenye nguvu kuliko zote hizi, na ndiyo inayochosha wanaoanza. Toleo la bure haliruhusiwi kwa kazi ya malipo, na picha haivuki 1280 kwa 1280.

*Resolume.* Hii imetengenezwa kwa ajili ya mtu wa jukwaani mwenye klipu zake za video: unazipanga, unazichanganya, na karibu kila kitufe unaweza kukifungia kwenye sauti. Ni ya kulipia. Ya majaribio inafanya kazi yote, ila inaweka alama juu ya picha. Ina matoleo mawili, na Arena ni ghali kuliko Avenue. Chukua Avenue, isipokuwa unatupa picha kwenye kuta za jengo au unaendesha na taa.

Hatua ya 4: Ipime kwa kupanda na kushuka

Huu ndio mtihani wenyewe. Singeli hukimbia kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Chukua 240: pigo moja ni milisekunde 250, yaani fremu 15 tu kwenye skrini ya fremu 60 kwa sekunde. Programu ikipandisha namba haraka lakini ikaishusha kwa nusu sekunde, pigo la pili litaikuta bado iko juu, na la tatu vivyo hivyo. Picha inavimba na kubaki imevimba. Mtazamaji haoni biti, anaona mwanga umekaa tu.

Kwa hiyo tafuta kidhibiti cha kushuka, chochote kinachoitwa kwenye programu hiyo, na ukijaribu kwa wimbo wa kasi zaidi ulio nao. Kwenye Hydra ni `setSmooth`: kadiri namba inavyosogea karibu na 1, ndivyo inavyozidi kulegea. Kama kidhibiti hakipo, programu hiyo si ya singeli, hata iwe na urembo gani.

Angalia pia ukubwa wa kipande cha sauti kinachochambuliwa. Kwa sauti yenye sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kipande cha sampuli 1024 ni kama milisekunde 23. Cha 4096 ni 93. Kikubwa kinatenganisha besi vizuri zaidi, lakini kwenye mapigo 240 kimekula zaidi ya theluthi ya pigo.

Sasa weka taarabu. Kwenye taarabu asilia usingoje ngoma nzito ikusaidie. Kinachobeba wimbo ni fidla, kanuni (ala ya nyuzi), akordiani na sauti ya mwimbaji, yote masafa ya kati. Ukiacha picha ifuate besi, itasinzia. Fuata ukubwa wa sauti nzima, ishushe taratibu, hata sekunde moja na zaidi.

Hatua ya 5: Usimulike watu machoni

Mwongozo wa usalama unaotumika kwenye kurasa za intaneti unataka mmweko usizidi mara tatu kwa sekunde, kwa ajili ya wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga. Mapigo 240 ni manne kwa sekunde. Skrini nzima ikimweka kila pigo la singeli, umeshavuka. Acha biti isukume ukubwa, mahali au mzunguko wa umbo. Mwangaza uufunge kwenye mabadiliko ya polepole.

Hatua ya 6: Lipa mwisho

Kabla ya kutoa pesa, endesha toleo la majaribio saa nzima kwenye laptopu utakayokwenda nayo, projekta ikiwa imeunganishwa na chaja imechomekwa. Laptopu nyingi hupunguza kasi zikitumia betri au zikipata joto. Picha zikianza kukatakata, shusha ukubwa hadi 1280 kwa 720 uone. Ukutani wachache watagundua, na huenda ukagundua huhitaji kompyuta mpya.